Kabla ya Msumeno, Mtafute Mnoaji

Nilikuwa na orodha ya zana mfukoni na fedha za kununua nusu yake. Karakana tunayoianzisha Bagamoyo, mimi na vijana wawili wa mtaani kwetu, itatengeneza milango, vitanda na meza. Itapokea pia kazi za miti: kupogoa miembe iliyoelemea mapaa ya watu, kuangusha mivinje iliyozeeka, kupasua magogo ambayo kwa kawaida huishia kwenye tanuri la mkaa. Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, zimejaa zana za kazi zote hizo. Misumeno inang'aa ukutani, randa zimepangwa mezani, chensoo zimo ndani ya maboksi yenye picha za misitu ya ng'ambo. Kila muuzaji aliniuliza nataka ya bei gani. Mimi nilitaka kujua ikishapoteza makali nani ataninolea, kwa tupa ipi, na umbali gani kutoka nyumbani.

Aliyenishauri niahirishe manunuzi ni mzee mmoja anayeunda mashua ufukweni kwetu. Tezo lake limeliwa na kinoo mpaka limebaki fupi kama kidole gumba, na bado linachonga taruma la mashua kwa pigo moja moja, bila kurudia. Nilipomwamkia na kumweleza shida yangu, hakuitazama hata ile orodha.

"Panda juu huko kwenye mbao, mwanangu," aliniambia. "Kawaone watu wanaonoa kutwa nzima. Sisi huku tunanoa tunapokumbuka."

Nikapanda basi la alfajiri kwenda Mafinga.

Barabara kuu ya Tanzania na Zambia ni shule kwa anayejali mbao, mradi akae upande wa dirisha. Tulipita Chalinze, Morogoro na mbuga ya Mikumi, na kuanzia Ruaha Mbuyuni nikaanza kuhesabu malori yanayoshuka. Kwenye kona za Kitonga yalikuwa yakiteremka kwa gia nzito, mbao zimepandishwa mpaka juu ya kichwa cha lori. Ukiangalia ncha za mbao hizo unaona mengi. Nyingine zilikuwa bado mbichi, rangi yake nzito, na utomvu umejitokeza. Nyingine unene wake ulibadilika kutoka ncha moja hadi nyingine, mbao moja ikiwa nene kushoto na nyembamba kulia. Seremala wa Keko, Dar es Salaam, atakayeinunua atalazimika kuipiga randa mpaka ncha nene ilingane na ncha nyembamba, na tofauti hiyo yote itafagiwa pamoja na takataka. Kosa limefanywa na msumeno ulioko mamia ya kilomita kutoka kwake, na yeye ndiye anayelilipia.

Baada ya Iringa mjini na Ifunda, nchi inabadilika. Misindano inasimama kwa mistari, kilima baada ya kilima, na kati yake kuna milingoti iliyonyooka inayongoja kuwa nguzo za umeme. Hapa ndipo lilipo Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, lenye eneo linalozidi hekta 130,000. Majaribio ya kupanda yalianza mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukaja miongo ya baadaye, hasa miaka ya 1970. Kando yake kuna mashamba ya watu binafsi: ekari mbili, ekari tano, mengine nyuma ya nyumba tu. Ukitaka kuelewa nyumba za Dar es Salaam zimepauliwa kwa mbao gani, teremka Mafinga.

Baridi ilinipokea stendi. Watu wa huko wamezoea makoti mazito, na salamu yao ya Kihehe, "Kamwene," hutoka pamoja na moshi wa pumzi. Mjini kote kuna harufu ya paini iliyopasuliwa. Mama mmoja mwenye ghala la mbao, ambaye nilielekezwa kwake na kondakta, alinikaribisha chai kisha akanipeleka mwenyewe kwenye mashine alikozoea kununua mzigo. Akanieleza njiani kwamba yeye huchagua mashine kabla ya kuchagua mbao. Akifika mahali, kwanza husikiliza mlio wa msumeno. Ukilia kwa kulalamika kila unapoingia kwenye gogo, hageuzi hata shingo kuuliza bei.

Mashine iliyozoeleka sana huko huitwa dingidongi. Ni meza ya chuma, injini ya dizeli, mkanda, na sahani kubwa ya msumeno inayozunguka katikati. Gogo husukumwa kwa mikono, watu wawili nyuma na mmoja wa kupokea mbele. Ni mashine ya kuheshimiwa kwa jambo moja: inahamishika. Inafungwa nyuma ya gari, inapelekwa mpaka kwenye shamba la mwenye ekari mbili, na bila yake mkulima huyo asingeuza mbao hata moja. Ikiharibika, fundi wa kuchomelea wa kijijini anaitengeneza. Lakini tazama chini ya meza. Rundo la vumbi linakua kwa kasi kuliko rundo la mbao.

Nilipima njia iliyoachwa na sahani kwenye gogo moja: milimita 7. Nikakaa juu ya gogo jingine na kupiga hesabu kwenye daftari. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 30 ukilichonga mraba unapata pande za sentimita 21 hivi. Ukilipasua mbao za milimita 25, na kila mpasuo ukala milimita 7, unatoa mbao sita. Msumeno wa utepe, ule mwembamba unaozunguka kwenye magurudumu mawili, njia yake ni kama milimita 2. Gogo lilelile linatoa mbao saba. Maana yake ni kwamba magogo sita ya msumeno wa utepe yanatoa mbao 42, na mwenye sahani ya milimita 7 anahitaji gogo la saba apate idadi hiyohiyo. Gogo zima linakatwa ili kulipia vumbi. Na hesabu hii inachukulia kwamba sahani imenyooka na haiyumbi. Ikiyumba, mpasuaji huongeza unene wa mbao kwa kujihami, na hasara inapanda tena. Ukijumlisha maganda ya pembeni, gogo linalopita kwenye dingidongi mara nyingi halitoi mbao nusu ya ujazo wake.

Kwa hiyo jibu ni msumeno wa utepe? Nilipomuuliza fundi anayenoa misumeno ya karakana kadhaa pale mjini, alitabasamu kwa upole, akaendelea kugonga. Alikuwa ameilaza sahani juu ya fuawe na kuipiga nyundo katika miduara, akisimama kila mara kuweka rula juu yake na kutazama mwanga unaopita chini. Kazi hiyo nilikuwa nimeisikia tu. Sahani inapozunguka kwa kasi, ukingo wake hupata joto na kutanuka. Ukingo ukitanuka na katikati ikabaki ilivyo, sahani inalegea na kuanza kupepea kama kitambaa. Nyundo inaikaza na kuilegeza sehemu zinazostahili ili ikishika kasi iwe imenyooka. Ujuzi huu hufundishwa rasmi katika Chuo cha Viwanda vya Misitu kilichoko Moshi, na wenye nao ni wachache mno kulinganisha na idadi ya misumeno inayozunguka nchini.

"Utepe ni mzuri sana," alisema alipoweka nyundo chini. "Lakini utepe unataka mashine yake ya kunolea, unataka mtu wa kuunga ukikatika, na unataka kukazwa kwa kipimo. Kama huna hivyo jirani, siku ya tatu unapasua mawimbi. Mtu anatoka hapa na mashine nzuri, anaipeleka kijijini, baada ya mwezi inafunikwa turubai. Tatizo si mashine. Aliinunua peke yake, bila mnoaji."

Nikamuuliza basi afanye nini mtu mwenye dingidongi. Akanionyesha sahani mbili, moja nene na moja nyembamba kwa milimita 2 hivi. Nyembamba inahitaji kugongwa mara kwa mara na haivumilii kusukumiwa gogo kwa pupa, lakini ikipata fundi wa kuiangalia inafanya kazi ileile na kupunguza vumbi. Ushauri wake kwa wenye mashine ni wachangie fundi mmoja wa makali kwa karakana tano au sita, wamlipe kwa mwezi, badala ya kila mmoja kumwita sahani ikishaungua rangi ya bluu. Wengine wameanza kumsikiliza. Ningekuwa na sauti kwenye mikutano ya wafanyabiashara wa mbao, ningelisema hilo kabla ya kulalamikia bei ya magogo.

Kesho yake nilienda msituni, kwenye shamba la mtu binafsi lililokuwa likivunwa. Mkata miti alikuwa kijana mwembamba, mpole wa maneno. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba alikuwa amekaa. Mafuta ya msumeno yalipoisha alikaa kwenye kisiki, akakamata tupa ya duara, akapitisha kila jino la mnyororo mara mbili tatu kuelekea mbele, upande mmoja wote, kisha upande wa pili. Hakuna jino lililopata pigo zaidi ya jingine, kwa sababu mnyororo ulionolewa upande mmoja kuliko mwingine hukata kwa kupinda. Kisha akajaza mafuta na kuendelea. Hakungoja msumeno uchoke.

Alinifundisha kusoma kinachotoka kwenye mnyororo. Ukiwa mkali unatupa vipande, kama punje za mchele. Ukiwa butu unatoa unga, na mkataji anaanza kuusukuma kwa nguvu; hapo ndipo mkono unapochoka na ajali inapokaribia. Mbele ya kila jino kuna kidole kifupi cha chuma kinachoamua jino liingie kina gani kwenye mti. Jino likinolewa linapungua kimo, na kidole hicho nacho lazima kishushwe kwa tupa bapa, kiwe chini ya jino kwa zaidi kidogo ya nusu milimita. Wengi hawakigusi kabisa, wakabaki na meno makali yasiyokata. Wengine hukishusha kupita kiasi, na msumeno ukaanza kuruka.

Kuhusu ununuzi, ushauri wake ulikuwa wa vitendo kuliko wote niliowahi kupewa. Kabla sijauliza bei ya chensoo, niulize mnyororo wake unanolewa na tupa ya kipenyo gani. Minyororo mingine inataka tupa ya milimita 4.8, mingine 5.2, mingine midogo 4.0, na tupa isiyo saizi yake huharibu umbo la jino hata ukinoa kwa bidii. Kisha nitoke nje ya duka, nizunguke mji ninakoishi, nitafute tupa hiyo na mnyororo wa akiba. Visipopatikana, nisirudi dukani. Mafuta nayo yana hesabu. Injini ya aina hii hailainishwi na kitu kingine isipokuwa oili iliyochanganywa kwenye petroli, na yake inataka sehemu moja kwa 50: mililita 100 kwa lita 5. Alikuwa na chupa ya maji aliyoichora mistari kwa kalamu ya wino mzito, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kwenye bapa la mnyororo hamwagi oili chafu iliyotolewa kwenye magari, ingawa ni ya bure, kwa kuwa ina vumbi la chuma linalosaga mfereji wa bapa na pampu.

Alivaa kofia ngumu yenye wavu usoni na vizuia sauti masikioni, na suruali maalumu ambayo ndani ina nyuzi ndefu zilizolazwa kwa matabaka. Mnyororo ukigusa paja, nyuzi hizo huvutwa nje, zikajisokota kwenye gia na kuuzima msumeno kabla haujafika nyama. Msaidizi wake, aliyekuwa akimenya matawi kwa panga, alikuwa amevaa kandambili za plastiki. Nililiona hilo na sikuweza kuliacha lipite. Nilimuuliza mwenye shamba, kwa heshima, kwa nini vifaa viko kwa mmoja. Alisema suruali ni ghali. Ni kweli ni ghali. Lakini katika orodha ya mtu anayenunua chensoo, suruali na kofia si mapambo ya kuongezwa fedha ikibaki. Ni sehemu ya chensoo, kama mnyororo ulivyo. Asiye na fedha ya vyote anunue msumeno wa mkono wa watu wawili, ambao bado unaangusha mti vizuri, na aendelee kuweka akiba.

Nilimwona yule mkata miti akiangusha mti mmoja kwa utaratibu kamili. Alizunguka kwanza, akatazama upepo na mwelekeo wa matawi, akasafisha njia mbili za kukimbilia nyuma kwa pembeni. Akakata mdomo upande wa kuangukia, kina chake kama robo ya unene wa mti. Kisha akaingia kutoka nyuma, juu kidogo ya usawa wa mdomo, akaacha katikati ukanda wa mti usiokatwa, sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Huo ukanda ndio bawaba. Mti ulikaa juu ya bawaba yake kama mlango, ukafunga polepole, na ukalala mahali alipotaka. Hakukuwa na kelele za kukimbizana.

Jioni mama wa ghala alinipeleka kwa dada yake, mwenye ekari mbili za misindano michanga. Kazi yake haikuhitaji injini hata moja. Alikuwa na msumeno mfupi wa kupogolea, umepinda kama mundu, meno yake yanakata wakati wa kuvuta, si wa kusukuma. Ameufunga kwenye mwanzi mrefu ili afikie matawi ya juu. Watu wengi hupogoa kwa panga kwa sababu panga lipo nyumbani. Panga hupasua gamba la shina au huacha kisiki cha tawi, na kisiki hicho hufa, mti unanenepa na kukizunguka. Miaka kumi baadaye mbao ikipasuliwa, kifundo kilichokufa hudondoka na kuacha tundu. Msumeno wake unakata karibu na shina, nje tu ya uvimbe ulioko kwenye chimbuko la tawi, na mti unafunga kidonda wenyewe.

"Ukinunua mbao isiyo na tundu," aliniambia, "ujue kuna mtu alipanda na msumeno mdogo mti ungali mtoto."

Nilimuuliza kuhusu miembe yetu ya pwani, yenye matawi mazito. Akanionyesha kwa mkono juu ya tawi kavu: kwanza kata kidogo kutoka chini, mbali na shina, kisha kata kutoka juu, mbele zaidi, tawi lianguke bila kuchuna gamba, mwisho ondoa kipande kilichobaki. Msumeno uliopinda, mwanzi na kamba. Katika orodha yangu msumeno huo haukuwamo, na niliuandika wa kwanza.

Sehemu niliyokaa muda mrefu kuliko zote ni kibanda cha mhunzi, pembezoni mwa soko. Anafua kwa springi za malori yaliyokufa, mkaa wa miti na kipuliza upepo kinachozungushwa na gurudumu la baiskeli. Springi ya lori ni chuma kizuri kwa shoka na tezo, kigumu bila kuvunjika, na barabara ile haiishiwi nacho. Lakini chuma kizuri kikichomwa vibaya hakifai kitu, na hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuwa macho. Mhunzi mwenyewe ndiye aliyenipa kipimo. Chukua tupa, ipitishe kwenye makali. Ikila kama inavyokula msumari, chuma ni laini na makali yatajikunja. Ikiteleza kabisa kama juu ya kioo, kimekauka kupita kiasi na kitameguka kwenye kifundo cha kwanza. Inayofaa kwa shoka inakamata kwa shida, kwa sauti ndogo.

Nilimwomba nimtazame akitengeneza tezo tangu mwanzo. Baada ya kulifua umbo, alilipasha moto mpaka likawa jekundu la kung'aa, akalizamisha kwenye oili. Likatoka gumu lakini la kuvunjika kirahisi. Akalisugua upande mmoja kwa jiwe mpaka likang'aa, akaliweka tena karibu na moto, makali yakiwa mbali. Hapo akanyamaza na kutazama. Rangi ilianza kutembea juu ya chuma: kwanza rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau. Patasi husimamishwa kwenye rangi ya majani makavu, kwa sababu inahitaji makali yanayodumu. Shoka na tezo, zinazopokea mapigo, huachwa zifike zambarau. Rangi ilipogusa ukingo wa makali, tezo lilikuwa tayari ndani ya maji. Kuchelewa kidogo tu kungelirudisha kwenye ulaini.

Kabla ya kulifua alikuwa ameniuliza nitachongea mti gani. Nilipomwambia mkongo na mwembe, akaongeza unene nyuma ya makali, kwa kuwa makali membamba ya kuchongea paini yangemeguka kwenye mkongo. Swali hilo, la mti gani, sikuwa nimeulizwa na duka lolote. Na ni swali la msingi. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, wanaufanyia kazi kwa zana zenye makali ya pembe pana wanazozinoa bila kupumzika. Mvule ndani yake huweza kuwa na mawe kweli, madini magumu yanayojikusanya kwenye mti, na meno ya msumeno yakigusana nayo yanakwisha kwa sekunde. Paini inataka kinyume chake: patasi iliyonolewa kwa digrii 25, nyembamba na kali, maana nyuzi zake hulala na kuchanika zikiguswa na makali butu.

Pamoja na tezo alinipa shoka, nalo ni la jadi. Bamba lake halina tundu. Lina mkia uliochongoka unaopenya kwenye kichwa kinene cha mpini. Kila ukipiga, mkia unazidi kuingia na kukaza. Lile la viwandani lenye tundu hulegea mti wa mpini ukikauka, na kichwa kinaweza kuruka. La jadi nalo lina udhaifu: siku moja kichwa cha mpini hupasuka. Lakini mpini mpya hukatwa porini asubuhi na kazi inaendelea mchana, bila duka. Kwa mpini wa aina yoyote alinisisitiza nitazame ncha yake. Mistari ya umri wa mti ifuate mwelekeo wa bamba. Ikikatiza, mpini utavunjika.

Nikirudi nilishuka Iringa mjini kununua misumeno ya mkono. Hapa nataka kumsimamisha kila anayesoma akiwa na nia ya kununua. Misumeno mingi mipya inayouzwa leo meno yake yana ncha nyeusi au za bluu. Rangi hiyo ni alama kwamba ncha zimekaushwa kwa umeme kiwandani. Zinakaa na makali muda mrefu, muda mrefu kweli, lakini zikiisha tupa haizigusi. Inateleza na kuharibika yenyewe. Msumeno wa namna hiyo umetengenezwa utupwe. Kwa seremala wa mahali ambapo msumeno mpya unapatikana kila kona na mnoaji hapatikani, hesabu hiyo inaingia akilini. Kwetu ni kinyume: tupa ya pembe tatu iko kila duka la vifaa, na mikono ya kunoa tunayo au tunaweza kuifundisha. Nilipekua mpaka nikapata miwili yenye meno ya rangi moja na sahani yake, mmoja wa kukatiza na mmoja wa kupasulia. Muuzaji alishangaa kuona mtu anachagua ile ya bei ndogo na kuacha inayong'aa.

Randa nilinunua ya mtumba, ya Uingereza, imeshika kutu. Kutu ya juu si neno. Nilichotazama ni tumbo lake: niliweka rula juu yake na kuielekeza kwenye mwanga, kwa urefu, kwa upana, kwa mshazari. Mwanga haukupita mdomoni mwa randa, na hapo ndipo penye uzito. Ulimi wake una chuma cha kutosha kunolewa miaka mingi. Pembeni yake palikuwa na randa mpya yenye rangi ya kuvutia na tumbo lenye bonde. Patasi nilichukua tatu tu, za upana tofauti, badala ya seti ya nane ambayo tano zake zingelala kwenye sanduku. Na mawe mawili ya kunolea, la kukwaruza na la kulainisha, ambayo ndiyo yaliyokula fedha kuliko kitu kingine chochote nilichobeba.

Kuna kitu kimoja nilikikataa na nitaendelea kukikataa kwenye karakana yetu: sahani ya kukatia mbao iliyofungwa kwenye mashine ya kusagia vyuma. Nimeiona kila mji niliopita, na mafundi wanaitumia kwa ujasiri. Mashine ile inazunguka kwa kasi mno kwa meno ya kukatia mbao, haina kinga inayofaa, na meno yakinasa kwenye mbao inaruka kuelekea kwa aliyeishika. Hakuna haraka ya mteja inayolingana na mkono wa kijana wa miaka 19.

Vijana wangu wataanza na tupa. Mzee wa mashua ametoa msumeno wake wa zamani, na kila mmoja ataunoa jino kwa jino, upande huu na upande ule, kisha aukatishe kwenye paini na kwenye mwembe mpaka uende kwenye mstari bila kulazimishwa. Mbao za milango tutazinunua kwa yule mama wa Mafinga, zilizopasuliwa kwa sahani nyembamba, na zitakaa kivulini zikiwa zimepangiwa vijiti katikati hadi zikauke. Chensoo tumekubaliana isubiri mpaka baada ya masika. Tutainunua siku tutakapoweza kulipia pamoja suruali mbili, kofia mbili na viatu jozi mbili, kwa kuwa anayeshika msumeno na anayemenya matawi wanasimama chini ya mti uleule.